Mfuniko wa mbao, na kinachofunika kweli

Ubao ulilala juu ya mdomo wa friza usiku kucha, mtupu, bila gundi wala vanishi. Asubuhi niliuwekea rula ya chuma kwa upande wa upana, nikainama mpaka jicho likawa usawa wa rula. Katikati mwanga ulikuwa unapita. Kingo zimeinuka, kifua kimezama.

Nikaugeuza. Upande wa chini ulikuwa baridi na mbichi, na nilipopitisha ukucha ukabaki mchirizi.

Fundi seremala ninayemsumbua kwa maswali tangu kazi hii ya kuifanyia friza yangu ya bia mfuniko wa mbao ianze aliupokea, akafumba jicho moja akaukagua kutoka ncha hadi ncha, kisha akanirudishia.

"Mwanangu, umeinywesha mbao upande mmoja. Ulitaka ifanye nini?"

Nilitaka ifunike.

Ubao wenyewe ulikuwa wa majaribio tu, kipande kilichobaki, na kazi yake ilikuwa kunionyesha mambo kama hayo kabla sijagusa mbao nzuri. Ila swali la fundi liligoma kuondoka. Wiki kadhaa nilikuwa nikiosha vyombo au nikisubiri kwenye foleni najikuta naupinda na kuunyoosha ubao ule kichwani. Kama mbao ikikaa juu ya baridi inageuka hivyo kwa usiku mmoja, mtu anaposema "mfuniko wa mbao" wa friza ya bia anasema nini hasa?

## Nilipokuwa nimefika

Unayesoma hapa unajua tayari habari ya kugeuza friza ya kulala kuwa nyumba ya kegi, yaani mapipa madogo ya bia, kwa hiyo sitaianza upya. Kegi za lita 19 zimesimama ndani, mtungi wa gesi ya kaboni dioksaidi uko pembeni, na kidhibiti joto cha nje kinaizuia friza isikimbilie nyuzi 18 chini ya sifuri ilizoundwa kuzifikia. Bia inakaa kwenye nyuzi 4. Kati ya mwili wa friza na mfuniko kuna fremu ya mbao, na fremu hiyo ndiyo inayobeba mabomba ya kumiminia bia. Ukuta wa friza hautobolewi. Mirija ya gesi ya kupooza imepita humo, haionekani kwa nje, na friza nyingi za siku hizi zinatumia R600a, yaani isobutani, gesi inayoshika moto.

Hayo yote yalikuwa yamekamilika. Kilichobaki ni juu.

Mfuniko wa kiwandani ni bati jeupe jembamba kwa nje, plastiki kwa ndani, na povu gumu katikati. Unafunga vizuri. Hauna sura, na ukiegemeza kiwiko bati linabonyea na kulia. Mimi nilitaka mahali pa kuweka trei ya glasi, pa kuegemea wakati mtu anajimiminia, pa kuweka kitabu cha kumbukumbu za upishi wa bia bila kukifukuzia kila kinapoteleza. Nilitaka meza ambayo chini yake kuna baridi.

Watu wengi wanaishia kwenye fremu na kuuacha mfuniko wa asili ulivyo. Wana akili. Ningewafuata kama nisingekuwa tayari nimeshakusanya mbao za msaji zilizokaa chini ya kitanda kwa muda mrefu kiasi cha kuanza kuulizwa nyumbani zina mpango gani.

## Sentimita mbili na nusu

Wazo la kwanza, ambalo nadhani ni la kila mtu, lilikuwa kuutoa kabisa mfuniko wa kiwandani na kuweka mbao nzito mahali pake. Mbao nene si inazuia joto? Nyumba za mbao zina joto, vishikio vya sufuria ni vya mbao.

Nikaketi na hesabu, na hesabu haikuwa na huruma.

Mbao kavu za kawaida hupitisha joto kwa kiwango cha karibu wati 0.13 kwa mita kwa kila nyuzi moja ya tofauti. Povu gumu lililojazwa kwenye mifuniko ya friza liko kwenye 0.03 au chini yake. Maana yake, povu la sentimita 5 linafanya kazi ya mbao ya zaidi ya sentimita 20. Mfuniko wa mbao wa sentimita 20 ni gogo. Hakuna bawaba ya kulibeba, na hakuna mtu wa kulifungua kwa mkono mmoja huku ameshika glasi kwa mwingine.

Chukua mfuniko wa mita moja kwa sentimita 60. Chumba kina nyuzi 29 na unyevu wa asilimia 70, ndani ya friza nyuzi 4. Kwa mbao ya sentimita 2.5 peke yake, wati kama 34 zinapenya juu mchana na usiku. Ukiongeza povu la sentimita 5, zinashuka kwenye 7 hivi. Wati ishirini na kitu si janga, kompresa itazilipa. Lililonisimamisha ni jambo jingine lililojitokeza kwenye karatasi hiyo hiyo: joto la uso wa juu wa mbao.

Kwa mbao tupu uso wa juu unatulia karibu na nyuzi 22. Hewa ya chumba kile huanza kutoa umande kwenye nyuzi 23.

Meza yangu ingetoka jasho.

Si kwamba ingelowa siku za mvua tu. Ingekuwa na utando wa maji kila siku ambayo hewa ni nzito, chini ya trei, chini ya kitabu, chini ya kiwiko. Kwa povu la sentimita 5 uso huo unabaki juu ya nyuzi 27 na hakuna tone linalojikusanya. Tofauti kati ya meza kavu na meza inayolia haikuwa kwenye mbao hata kidogo. Niliangalia msaji wangu chini ya kitanda kwa jicho la mtu aliyeambiwa mchumba ana kwao.

## Maji yanaingia upande upi

Nikarudi kwenye ubao uliopinda, maana hesabu ya joto haikunieleza kwa nini uligeuka upesi vile.

Hewa ya ndani ya friza ina maji machache ukiyapima kwa gramu. Lakini hewa baridi inashiba haraka, na machache hayo yanatosha kuifikisha karibu na kushiba. Mbao haihesabu gramu. Inafuata kiwango cha kushiba kwa hewa inayoigusa. Kwa hiyo upande wa chini ulikuwa ukiishi kwenye hewa iliyoshiba, na upande wa juu kwenye hewa ya chumba. Nyuzi za mbao za upande wa chini zilitanuka, za juu zikabaki zilivyo, na ubao haukuwa na njia ila kujikunja kuelekea upande mkavu. Ongeza mvuke wa chumbani uliopenyea pembeni, ambapo hapakuwa na mpira wowote wa kuziba, ukageuka matone chini ya ubao. Ndio ubichi nilioukuta kwa ukucha.

Mvuke hutoka kwenye joto kuelekea kwenye baridi. Ukiupa tundu unapita, na ukishafika penye baridi unageuka maji. Ndiyo sababu kizuizi chake kinawekwa upande wa joto, kabla haujakutana na baridi. Ukikiweka upande wa ndani, unaufungia mvuke katikati ya povu na mbao, mahali ambapo hakuna jua wala upepo, na ukungu unapata makazi.

Hapo ndipo bati jeupe lisilo na sura lilipoanza kunipendeza. Lile bati ndilo kizuizi. Liko upande wa joto, halina kiungo hata kimoja, na povu limemiminwa kiwandani likashikana nalo moja kwa moja. Nisingeweza kutengeneza kitu kizuri kama kile kwa karatasi ya nailoni na gundi ya kopo.

Uamuzi ukajifanya wenyewe. Mfuniko wa kiwandani unabaki. Mbao inapanda juu ya bati, yote kabisa upande wa joto, na haikutani na baridi popote.

## "Kwa hiyo umeivika kanzu tu"

Rafiki yangu tunayepika naye bia alisikiliza maelezo haya mpaka mwisho, kisha akasema hivyo. Kanzu tu. Friza ile ile, mfuniko ule ule, na mbao juu kwa ajili ya macho ya wageni.

Ilinichoma kuliko nilivyoonyesha.

Nina ugomvi wangu wa zamani na vitu vya kujifanya: plastiki iliyochorwa nyuzi za mbao, matofali ya karatasi, misumari ya mapambo isiyoshika kitu. Sasa mimi nilikuwa napanga kubandika msaji juu ya bati. Nilirudi kwenye karatasi kutafuta njia ya kuifanya mbao iwe mfuniko wenyewe. Nikachora plaiwudi chini, povu katikati, msaji juu, na karatasi ya alumini kati ya msaji na povu. Kwenye karatasi inakaa sawa, na kama mfuniko wako wa asili umevunjika, nadhani hiyo ndiyo njia. Tatizo ni kingo. Kila ukingo wa andazi lile la tabaka una viungo vinne au vitano, na kila kiungo ni lazima kizibwe na kiendelee kuzibika wakati mbao iliyo juu yake inatanuka na kusinyaa mwaka mzima. Plaiwudi imetulia, povu limetulia, msaji hautulii. Kitu kitaachia, na hutakiona kikiachia.

Baada ya kuchora na kufuta, niliona kwamba nilikuwa najibu swali la rafiki yangu badala ya langu. Mimi sikuwahi kuhitaji mbao izuie baridi. Nilihitaji ibebe. Bati lenye unene wa kucha haliwezi kubeba trei yenye glasi zilizojaa, na povu lililo chini yake likibonyezwa kila siku linaachana na bati. Mbao ya sentimita 2 inabeba bila kulalamika na kuugawa uzito mpaka pembeni. Povu linahami, bati linazuia mvuke, mpira unaziba, mbao inabeba. Kila kimoja kina kazi ambayo jirani yake haiwezi. Mapambo ni kitu ambacho ukikitoa hakuna kinachobadilika. Hii ukiitoa, sina meza.

Yeye bado anaita kanzu. Sawa.

## Milimita tano, sita

Kama mbao isingecheza, ningeibandika kwa gundi ya ujenzi na kwenda kulala.

Mbao hutanuka na kusinyaa kwa upana wake, karibu haitikisiki kwa urefu wake. Zile zilizopasuliwa bapa hucheza zaidi, takriban mara mbili ya zile zilizopasuliwa kuelekea kwenye moyo wa gogo. Msaji ni mtulivu kuliko wengi. Hata hivyo, paneli ya sentimita 60 ikibadilika unyevu wake wa ndani kwa asilimia 4 tu kati ya msimu mkavu na wa mvua, inaweza kuongezeka au kupungua karibu milimita 5. Kwa mbao zinazocheza zaidi ni 6 au zaidi. Milimita hizo hazizuiliki. Ukizikaza kwa gundi na skrubu, zitapasua paneli au zitalikunja bati.

Ukijua hilo, mambo mengine yanafuata. Mbao zangu zinakwenda kwa urefu wa friza, ili uchezaji uangukie kwenye sentimita 60 badala ya mita nzima. Paneli imeshikwa kwa nguvu kwenye mstari wa katikati peke yake. Kutoka hapo iko huru kwenda mbele na kurudi nyuma.

Uhuru huo uko kwenye papi mbili, yaani vipande vyembamba, za mbao ngumu chini ya paneli, zilizolala kukatisha nyuzi za msaji. Tundu la katikati la kila papi ni la duara, linabana skrubu. Matundu ya pembeni ni marefu. Fundi alinionyesha kuyatengeneza bila mashine yoyote: unatoboa matundu mawili yaliyokaribiana, unaondoa ukuta mwembamba kati yao kwa patasi, halafu tupa ya duara inapitishwa mpaka skrubu inateleza kutoka mwanzo hadi mwisho bila kugusa upande. Alizijaribu skrubu moja moja kwa vidole, akizisukuma huku na huku, na ile iliyokwama hata kidogo akairudishia tupa. Washa pana, kile kipete cha bati, inakaa chini ya kichwa cha skrubu. Ikazwe mpaka ishike, kisha irudishwe robo mzunguko.

"Ukikaza mpaka mwisho," akasema, "hilo tundu refu umelichimbia nini?"

Papi hizo zilinipa kitu kingine ambacho sikukitafuta. Unene wake unaacha nafasi ya hewa kati ya msaji na bati. Hewa ya chumba inapita chini ya paneli kama inavyopita juu, na pande zote mbili za mbao zinaishi kwenye hewa moja. Ule ubao wa majaribio ulipinda kwa sababu ulikuwa na maisha mawili. Hii ina moja. Ningelazimika kutoa kitu kimoja tu kwenye usanifu huu wote nikibaki na imani kwamba utadumu, nafasi hiyo ingekuwa ya mwisho kabisa kutoka.

Papi zenyewe zimeshikwa kwenye mfuniko wa kiwandani kwa skrubu fupi chache. Kwa kawaida mfuniko wa friza ya kulala hauna mirija ya gesi, ila unaweza kuwa na waya wa taa, kwa hiyo fuata waya kwanza ujue unakopita. Na kila tundu unalotoboa kwenye bati ni mlango wa mvuke. Tone la silikoni linatangulia, skrubu inafuata.

## Uzito

Hapa ndipo nilipokaribia kuacha.

Mita moja kwa sentimita 60 kwa sentimita 2.5 ni mita za ujazo 0.015. Msaji mkavu una kilo 650 hivi kwa mita ya ujazo. Karibu kilo 10, juu ya mfuniko ambao springi za bawaba zake zilipimwa kiwandani kwa bati na povu tu. Ukiuinua na kuuachia, unashuka wote kwa kishindo, na chini yake ndipo penye mikono, vichwa vya watu wanaounganisha mipira ya gesi, na watoto wanaotaka kuona.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1956 ililazimisha majokofu ya nyumbani yaweze kufunguliwa kutoka ndani, baada ya watoto kunaswa na kufa kwenye majokofu ya zamani yenye komeo. Mfuniko mzito hauna komeo, lakini kwa mtoto kilo 10 za ziada zina tofauti gani na komeo? Swali hilo sikulipenda, ndiyo maana nilikaa nalo.

Nikapiga randa paneli mpaka milimita 18. Ikashuka kwenye kilo 7. Bado inabeba trei, maana papi ziko chini yake. Kisha nikaweka springi za gesi mbili, zile za kuinulia mlango wa nyuma wa gari, za nguvu ndogo. Mfuniko sasa unakaa popote unapouachia kuanzia nusu kwenda juu, na kwa chini unashuka polepole.

Springi hizo zinataka mahali pa kushikia, na mahali pekee panaporuhusu skrubu ndefu ni ile fremu ya mbao. Fremu hiyo mwanzoni nilitaka ipande pamoja na mfuniko, kama wengi wanavyofanya, ili kegi zisilazimike kuinuliwa juu yake. Kegi iliyojaa ina kilo 23 hivi, na sentimita 20 za ziada za kuinua mgongo unazijua. Lakini fremu ikipanda na mfuniko, mabomba yanapanda nayo, mipira ya bia inapanda, na bawaba zinabeba mara mbili. Fremu imebaki chini. Imekaa juu ya friza kwa silikoni bila skrubu, na kwa nje nimeizungushia mbao zinazoshuka sentimita chache kulikumbatia bati ili isisogee mfuniko unapolala nyuma. Mgongo wangu umepewa rafiki wa kanzu kama msaidizi.

## Vanishi

Kwa kifupi: pande zote sita, idadi ile ile ya mipako, chini kama juu. Mtu anayepaka juu mara tatu na chini mara moja anaujenga upya ule ubao wangu uliopinda, polepole zaidi. Ncha za mbao, palipokatwa nyuzi, zinakunywa kuliko popote. Zipewe mkono wa ziada.

Nilitumia vanishi ya poliyurethani. Shelaki ni nzuri kwa macho lakini glasi yenye maji inaiachia duara jeupe, na hapa glasi zenye maji ndiyo kazi yenyewe. Mafuta ya kitani nayapenda kwa mguso wake, ila yanataka kurudiwa kila mara. Ukiyachagua, tandaza matambara yake yakauke moja moja. Yakikunjwa na kurundikwa hupata joto yenyewe mpaka yakawaka, na hilo si hadithi za mafundi.

## Mpira na kurunzi

Mfuniko mzito una faida moja ambayo sikuihesabu: mpira unabanwa vizuri zaidi. Nilipima kwa kipande cha karatasi. Unakifungia kwenye mpira, unakivuta, unasogea kiganja kimoja, unarudia kuzunguka mdomo wote. Kikigoma, pameziba. Kikiteleza, pana nafasi. Baadaye nikaweka kurunzi inayowaka ndani, nikazima taa za chumba na kuzunguka friza nikiwa nimeinama. Kona ya nyuma upande wa kushoto ilikuwa na uzi mwembamba wa mwanga. Bawaba ya upande huo ilikuwa imekaa juu kwa unene wa washa moja. Nikalegeza, nikatoa washa, nikakaza.

Kuziba vizuri kuna upande wake wa pili. Kaboni dioksaidi ni nzito kuliko hewa, na friza ya kulala ni beseni. Kiungo kikivuja usiku, gesi inajikusanya chini pale pale unapoinamisha kichwa asubuhi kutafuta kiungo kinachovuja. Nilipopata mfuniko unaobana kweli nilirudia kupaka maji ya sabuni kwenye kila kiungo, hata vile nilivyokuwa nimeshavipima. Nikifungua sasa nasubiri kidogo kabla ya kuingiza kichwa, na napepea kwa trei.

Unyevu unaoingia kila unapofungua nao hauna pa kutokea. Kopo la chembe za silika zinazonyonya unyevu, linalokaushwa kwenye oveni na kurudishwa linatosha, pamoja na feni ndogo ya kompyuta inayochanganya hewa ya chini na ya juu. Feni hiyo ilinisaidia na povu la bia pia. Hewa ya juu, kwenye usawa wa mabomba, ilikuwa na joto kuliko kegi zilizo chini, na glasi ya kwanza ya jioni ilikuwa inatoka nusu povu. Sasa ni vidole viwili.

Kilichobaki ni ubishi na fundi kuhusu mfereji. Yeye anataka kuchonga mfereji wa milimita 3 kwenye ukingo wa mbele wa paneli, upokee matone ya glasi kabla hayajafika kwenye mabomba. Mimi naona mfereji ni mahali ambapo maji yatasimama juu ya nyuzi zilizokatwa, chini ya vanishi niliyoipaka kwa mkono unaouma. Anasema ataupaka yeye mwenyewe, na atauinamisha kidogo ili maji yakimbilie pembeni. Pembeni wapi, hajasema. Kwa sasa pana taulo.